Thamani Moja, Watazamaji Wengi: Rust na Tatizo la Kuangalia Mabadiliko

Programu imepita mbele ya kompaila bila lalamiko hata moja. Mtumiaji anabonyeza kitufe, na namba iliyo kwenye skrini ilipaswa kupanda kutoka 4 hadi 5. Badala yake programu nzima inazimika, ikiacha jina moja tu: BorrowError. Kwa mtu aliyeichagua lugha ya Rust kwa sifa yake ya kunasa makosa ya kumbukumbu kabla programu haijaanza kufanya kazi, jambo hili linauma. Wala halitokei kwenye vichochoro ambavyo wachache hupita. Hutokea mahali pa kawaida kabisa, pale thamani moja inapobadilika na sehemu nyingine za programu zinataka kujua kwamba imebadilika.

Watengenezaji wa maktaba za Rust wamelishughulikia tatizo hili tangu lugha ilipotoka, na majibu yao yanatofautiana sana. Ukiyapanga pamoja, hata hivyo, jambo moja linajitokeza. Maktaba zilizofaulu hazikutafuta njia ya kuruhusu watu wengi waishike thamani inayobadilika. Zilitenganisha muda wa kubadilisha na muda wa kutazama, zikahakikisha mambo hayo mawili hayakutani.

Rust ilianza mwaka 2006 kama kazi ya binafsi ya Graydon Hoare, aliyekuwa mhandisi wa Mozilla, na toleo 1.0 lilitoka tarehe 15 Mei 2015. Nguzo yake ni kanuni fupi: thamani inaweza kuazimwa na wasomaji wengi kwa wakati mmoja, au na mwandishi mmoja pekee, lakini si vyote viwili kwa pamoja. Rejea ya kusoma huandikwa kwa alama ya &, ya kubadilisha kwa &mut, na kompaila hufuatilia kila moja inaanzia wapi na inakomea wapi.

Sababu ya kanuni hiyo huonekana kwa mfano wa orodha. Orodha ya aina ya Vec ikijaa, yaliyomo huhamishiwa eneo jingine la kumbukumbu lenye nafasi zaidi. Kama sehemu nyingine ya programu ilikuwa bado imeshika anwani ya kipengele cha kwanza, sasa anwani ile inaelekeza mahali palipohamwa. Katika C++ kosa hilo linaweza kupita kimya hadi data iharibike, au hadi mvamizi aligundue. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takribani asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama inaouziba kila mwaka hutokana na makosa ya kushughulikia kumbukumbu, na kosa la namna hii ni mojawapo.

Kanuni yenyewe haikuzaliwa ikiwa imekamilika. Mwezi Novemba 2012 Niko Matsakis, mmoja wa wasanifu wakuu wa Rust, alipendekeza kwamba rejea ya kubadilisha isiwe na mwenza kabisa. Mwaka 2014 alikwenda mbali zaidi, akataka alama ya mut iondolewe kwenye vigeu vya kawaida na libaki wazo la upekee peke yake. Pendekezo hilo la pili lilizua mjadala mkali, na halikupita. Hoja yake, hata hivyo, ilikuwa ya kweli na ndiyo ufunguo wa habari hii yote. Kubadilika kwa thamani peke yake hakuna hatari. Hatari ni thamani kubadilika huku mwingine akiwa ameikodolea macho.

Na kukodoa macho ndiko hasa kunakotakiwa. Mwaka 1979 Trygve Reenskaug, mtaalamu kutoka Norway, alikuwa katika maabara ya Xerox PARC kule California alipobuni mpangilio wa MVC, ambamo data hukaa upande mmoja, na picha za data hiyo kwenye skrini hupewa habari kila inapobadilika. Mwaka huohuo VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston iliingia sokoni, na wahasibu wengi wakaona kwa mara ya kwanza jedwali ambalo ukibadilisha seli moja, hesabu nyingine zinajirekebisha zenyewe. Kufikia mwaka 1994, Erich Gamma na wenzake watatu walipochapisha kitabu chao maarufu cha ruwaza za usanifu wa programu, mbinu ya mtazamaji ilikuwa na umbo linalojulikana. Anayetazamwa hutunza orodha ya watazamaji, na kila anapobadilika huwaita mmoja baada ya mwingine.

Umbo hilo linachukulia kwamba kila kitu kinaweza kushikwa na kila mtu. Katika lugha kama Smalltalk na Java ni kweli. Katika Rust si kweli, na hapo ndipo msimbo wa watu wengi huanza kuchafuka.

Jibu la kwanza ambalo karibu kila mgeni wa Rust hulifikia ni kuchanganya Rc na RefCell. Rc huwezesha thamani moja kuwa na wamiliki wengi ndani ya uzi mmoja wa programu. RefCell huihamisha kanuni ya kuazima kutoka kwa kompaila hadi wakati programu inapotembea. Ndani yake mna kihesabio kidogo. Kikiwa juu ya sifuri kuna wasomaji, kikiwa chini ya sifuri kuna mwandishi, kikiwa sifuri hakuna aliyeazima. Anayeomba kuandika wakati wasomaji bado wapo hapewi thamani, na programu husimamishwa.

Sasa mtu anaunda kaunta yake kwa mtindo wa mwaka 1994. Anaazima thamani ili aibadilishe, anaandika 5, kisha kabla hajarudisha alichoazima anapita kwenye orodha ya watazamaji na kuwaita. Mtazamaji wa kwanza ni sehemu ya skrini inayotaka kuonyesha namba mpya. Inafanya jambo la haki kabisa: inaiazima thamani ili iisome. Lakini mwandishi bado ameishika. Programu inaanguka. Kompaila haikuliona hilo kwa sababu mtazamaji ni funksheni iliyohifadhiwa ndani ya orodha, na hakuna kinachoonyesha mapema kwamba mkono wake utarudi kugusa thamani ileile.

Kuna dawa ya haraka: nakili thamani mpya, rudisha ulichoazima, kisha ndipo uwaite watazamaji. Inasaidia mpaka mtazamaji mmoja aamue kubadilisha thamani ileile anayoitazama, au kujiondoa kwenye orodha huku orodha ikipitiwa. Tatizo hili la pili si la Rust peke yake. Wanaotumia Java wanalifahamu kwa jina la ConcurrentModificationException, na ni mojawapo ya sababu za orodha ya CopyOnWriteArrayList, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004, kupendwa kwa kutunza wasikilizaji. Hujinakili upya kila inapobadilishwa, hivyo anayeipitia hakutani na mabadiliko. Kwa hiyo si haki kusema Rust ndiyo imeleta ugumu huu. Ugumu ulikuwepo, ila lugha nyingine ziliuacha ujifiche.

Kuna pia madeni ya kumbukumbu. Skrini inamshika mtazamaji, mtazamaji anaishika thamani, thamani inamshika mtazamaji. Mzunguko kama huo wa Rc hauachiliwi kamwe, kwa kuwa hesabu ya wamiliki haifiki sifuri. Ndiyo maana Rust ina Weak, rejea isiyohesabiwa kama umiliki, na ndiyo maana maktaba za gtk-rs zina makro ya clone! inayomrahisishia mwandishi kuandika rejea dhaifu ndani ya funksheni zake. Anayesahau hapati kosa lolote. Programu yake inanenepa tu kidogo kila dirisha linapofunguliwa na kufungwa.

Mageuzi ya kweli yalikuja watu walipoacha kumwita mtazamaji na kuanza kumwamsha.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Katika Rust, kazi inayosubiri jambo, yaani Future, haisukumwi. Huulizwa kama iko tayari, na isipokuwa tayari huacha nyuma kifaa cha kuamshia kiitwacho Waker. Future iliingia katika maktaba ya msingi kwa toleo 1.36, Julai 2019, na maandishi ya async na await yakafuata Novemba mwaka huo katika toleo 1.39. Kwa mfumo huo, anayebadilisha thamani hahitaji kujua mtazamaji atafanya nini. Anaandika thamani mpya, anagusa Waker, basi. Mtazamaji anawekwa kwenye foleni ya kazi, na zamu yake ikifika anakuja mwenyewe kusoma. Ni kupigiwa kengele badala ya kuletewa barua mkononi.

Maktaba ya futures-signals imejengwa juu ya wazo hilo. Kiini chake ni aina iitwayo Mutable: unaweka thamani kwa set, unasoma kwa get, na anayetaka kutazama anaomba signal. Mutable inaweza kunakiliwa na kugawiwa sehemu nyingi za programu, zote zikielekeza kwenye thamani moja iliyo nyuma ya kufuli. Maelezo ya maktaba hiyo yanasema wazi jambo ambalo huwashtua wageni, kwamba signal inaweza kuruka thamani za katikati. Ukiandika 5, kisha 6, kisha 7 kwa haraka, mtazamaji anaweza kuona 7 peke yake. Anachoahidiwa ni kwamba ataifikia ya mwisho.

Ndani ya Tokio, maktaba kuu ya kazi za async katika Rust, kuna chaneli ya watch inayofuata ahadi hiyohiyo. Inatunza thamani moja tu, ya mwisho. Kila thamani mpya huongeza namba ya toleo, na kila mpokeaji anakumbuka toleo aliloliona mara ya mwisho. Akiuliza kama kuna kipya, namba mbili zinalinganishwa. Hakuna foleni ya ujumbe, kwa hiyo mtazamaji mzembe hawezi kujaza kumbukumbu ya mashine.

Kuruka thamani za katikati ni uamuzi sahihi, na inafaa kusema kwa nini bila kuomba radhi. Salio la akaunti ni hali: anayelitazama anataka kujua ni kiasi gani sasa, na salio la nusu sekunde iliyopita halimhusu. Muamala ni tukio, na ukiruka mmoja umepoteza fedha za mtu. Mkanganyiko mwingi katika maktaba za watazamaji hutokana na kuchanganya vitu hivi viwili. Rejea inayobadilika na kutazamwa ni chombo cha hali. Anayehitaji matukio atumie chaneli yenye foleni, na Tokio inazo, mpsc na broadcast zikiwemo.

Linabaki swali ambalo kwa nje halionekani gumu: maktaba inajuaje kwamba thamani imebadilika? Ukitumia set, jibu ni rahisi. Lakini nani atataka kuandika upya muundo mzima wenye sehemu ishirini kwa sababu ya kubadilisha moja? Hapo maktaba hutoa kishikio, kitu kinachokupa ruhusa ya kubadilisha kwa muda, na Rust ina vipengele viwili vinavyofaa sana kwa kazi hiyo. DerefMut huitwa kila unapokifikia kilichomo kwa nia ya kubadilisha, na Drop huitwa kishikio kinapotupwa. Kishikio cha lock_mut katika futures-signals hutumia vyote viwili. DerefMut inaweka alama kwamba pamegusika, na Drop inaangalia alama hiyo, kisha inawaamsha watazamaji ikiwa ipo. Taarifa inatoka mwishoni, mara moja, hata kama ndani ya kishikio umefanya mabadiliko kumi.

Udhaifu wa njia hiyo umeonekana vizuri zaidi katika Bevy, injini ya michezo ya kompyuta iliyotolewa na Carter Anderson Agosti 2020. Bevy haina orodha ya watazamaji kwa ajili ya mabadiliko ya data. Kila kipande cha data kina tarakimu inayosema kilibadilishwa lini, na kila mfumo unakumbuka mara ya mwisho ulipoendeshwa. Kulinganisha ni kwa haraka sana, jambo la lazima kwa mchezo unaochora picha 60 kwa sekunde. Lakini tarakimu husogezwa na DerefMut, na DerefMut haijui kama uliandika kitu kipya au uliandika kilekile. Mchezo unaoweka afya ya mhusika kuwa 100 kila picha, hata alipokuwa na 100 tayari, utatangaza mabadiliko kila picha. Bevy ikaongeza set_if_neq, inayolinganisha kwanza, na bypass_change_detection kwa anayetaka kubadilisha kimyakimya. Zote mbili ni kukiri kwamba kilichokuwa kikipimwa ni uwezekano wa mabadiliko, si mabadiliko yenyewe.

Maktaba ya eyeball ilichagua ukali zaidi. Aina yake ya Observable inakuruhusu kusoma kilichomo kama kawaida, lakini imenyimwa DerefMut kwa makusudi. Hakuna namna ya kubadilisha kwa bahati mbaya. Lazima upite kwenye set, update au set_if_not_eq. Uzuri wake mkubwa uko katika mgawanyo mwingine. Observable ya kawaida inadai &mut ili ibadilishwe, maana yake ni kwamba mwandishi ni mmoja na kompaila yenyewe inalisimamia hilo. Anayehitaji waandishi wengi anachukua SharedObservable, yenye kufuli ndani, na hapo anajua amelipa gharama gani. Maktaba nyingi humpa kila mtu ya pili bila kumuuliza. Kuanza na ya kwanza ni busara zaidi, kwa sababu katika programu nyingi anayebadilisha ni mmoja tu, hata kama wanaotazama ni mia.

Eyeball haikutokana na zoezi la nadharia. Inatumika katika Matrix Rust SDK, msingi wa Element X, programu ya mazungumzo ya simu za iPhone na Android. Fikiria orodha ya vyumba vya mazungumzo ya mtu mwenye vyumba 2,000. Ujumbe mmoja unaingia, chumba kimoja kinapanda juu. Kuitumia skrini orodha nzima kila mara kungeichosha simu. Kwa hiyo ObservableVector, orodha inayotazamwa ya familia ya eyeball, hutoa tofauti peke yake: ingiza hapa, ondoa pale, badilisha kipengele fulani. Tofauti hizo huvuka kutoka Rust kwenda Swift au Kotlin, na skrini inasogeza mstari mmoja.

Lakini tofauti ni matukio, na tayari imesemwa kwamba matukio hayarukwi. Mtazamaji akichelewa mno na foleni yenye ukomo ikamwacha nyuma, afanyeje? Eyeball inamtumia Reset, yaani orodha nzima upya, aanze tena kutoka hapo. Hali inaokoa pale matukio yaliposhindwa. Huu ni usanifu wa kupongezwa, kwa kuwa umekubali tangu mwanzo kwamba kuchelewa kutatokea na ukaandaa njia ya kurudi.

Upande wa tovuti, Leptos ya Greg Johnston na Dioxus zimekwenda njia iliyolenga raha ya mwandishi. Signal zao zinanakilika kama namba za kawaida. Unaweza kuitumia signal moja ndani ya funksheni kumi bila kuandika clone mahali popote. Siri ni kwamba unachobeba si thamani, ni ufunguo mdogo wa ghala ambamo thamani imehifadhiwa. Dioxus ilipoleta signal katika toleo 0.5, Machi 2024, ilitumia ghala lenye vizazi, ili ufunguo wa zamani usifungue kitu kipya kilichowekwa mahali pa kilichofutwa. Leptos ilijenga upya mfumo wake wa utegemezi katika toleo 0.7 mwishoni mwa 2024, ikaweka pembeni aina ya ArcRwSignal kwa wanaotaka umiliki unaohesabiwa.

Raha hiyo ina bei, na bei yake ni kurudi kwenye aya ya kwanza ya makala haya. Ufunguo wa thamani iliyokwisha kutupwa huangusha programu. Kuandika kwenye signal huku ukiwa bado umeshika usomaji wake katika Dioxus pia huiangusha. Kompaila imenyamazishwa, na ukaguzi umehamia wakati mtumiaji yuko mbele ya skrini. Kwa kurasa za tovuti wengi huona biashara hiyo inafaa. Kwa mashine ya hospitali mtu angefikiri mara mbili.

Kwenye nyuzi nyingi RefCell haitumiki. Huja Mutex na RwLock, na kosa hubadilika sura. Badala ya kuanguka, programu inaweza kuganda. Maelezo ya Tokio yanaonya kwamba borrow ya chaneli ya watch hushika kufuli ya kusoma, na anayekaa nayo muda mrefu anaweza kumzuia mtumaji. Soma, nakili unachohitaji, achia.

Kuna njia moja zaidi ambayo haizungumzwi sana na inastahili. Maktaba ya Salsa, inayoendesha hesabu ndani ya rust-analyzer, msaidizi wa Rust ndani ya vihariri vya msimbo, haina watazamaji wanaoitwa wala wanaoamshwa. Ina hazina moja ya data na namba ya toleo. Kubadilisha ingizo kunahitaji &mut ya hazina nzima, na majibu huhesabiwa upya pale tu mtu anapouliza, tena yale tu yaliyoguswa. Mwandishi wa msimbo anapobonyeza herufi, huenda nyuzi nyingine ziko katikati ya kusoma hazina. Zinaambiwa ziache, zinaachia rejea zao, badiliko linaingia, kisha maswali yanaulizwa upya. Hapa kanuni ya wasomaji wengi au mwandishi mmoja haikuzungukwa kwa hila yoyote. Imekuwa ndiyo ratiba ya programu nzima.

Anayechagua maktaba ya namna hii asianze na urembo wa msimbo wa mfano. Aulize kwanza taarifa inatoka lini: kishikio kikiwa bado mkononi, au baada ya kuachiliwa. Kisha aulize kama anachotazama ni hali au ni matukio. Rc na RefCell pamoja na orodha ya funksheni ni chaguo baya kwa programu yoyote itakayokua, hata kama ndilo rahisi kuandika kwa jioni moja. Msimbo wa Tokio, eyeball, futures-signals na Salsa uko wazi kwa yeyote. Ufunguliwe, usomwe pale thamani mpya inapoandikwa, na ufuatwe mstari kwa mstari hadi mahali mtazamaji anapopewa habari.